Mawe ya Olorgesailie yako palepale yalipoachwa

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mamangu Olorgesailie, pale penye zana za mawe za watu wa kale, na tangu turudi sijaacha kuifikiria, kwa hivyo wacha niandike kabla sijasahau.

Kwa wale hawajawahi enda, ni barabara ya Magadi, kama kilomita 70 hivi kutoka Nairobi, unapita Kiserian, ukishavuka Kona Baridi unaanza kuteremka bondeni na joto linapanda tu, yaani ile sweta ulivaa asubuhi unaitoa kabla hujafika Oltepesi. Nimeishi Nairobi miaka kumi na tisa na sikuwahi fika. Shule ya msingi tulichora shoka la mkono, lile jiwe la kuchongwa watu wa kale walikatia vitu, kwa daftari, tukapaka rangi ya kijivu, mwalimu akaweka tiki, basi. Hakuna mtu alituambia mashoka yenyewe yako hapo chini nyuma ya milima ya Ngong, masaa mawili na basi la shule. Hiyo inaniuma mpaka leo.

Kuna nyumba ndogo ya makumbusho yenye mabango na visukuku, pitia usome, lakini maonyesho yenyewe yako nje. Watafiti wa mambo ya kale Louis na Mary Leakey walipofika hapo 1942 walikuta mawe ya kuchongwa yametapakaa chini kwa mamia. Vita vya pili vilikuwa vinaendelea, wafungwa wa vita Waitaliano ndio walisaidia kuchimba. Na sehemu moja wakaiacha vile ilivyo, ikajengewa daraja la mbao juu, na 1947 pakafunguliwa watu waje waone. Kwa hivyo unatembea juu ya mbao na hapo chini ya miguu yako mashoka yamelala kwa udongo mweupe, mengine yamelaliana, hakuna kioo, hakuna kabati. Aki nilisimama hapo nikakosa la kusema. Jiwe likiwa kwa kabati unaona jiwe, lakini hapa unaona mahali mtu alikuwa ameketi.

Mwongozaji wetu, kijana mpole sana, alitupatia moja tushike. Ni zito kuliko unavyodhani, limechongoka juu kama tone la maji, na pande zote mbili ziko na makovu ya kumegwa, kovu juu ya kovu, mpaka ukingo ukabaki mwembamba. Mimi nilikuwa nataka picha tu. Mama amechuna mbuzi maisha yake yote huko kwetu Machakos, akalichukua, akalipima, akaligeuza polepole mpaka kidole gumba kikapata mahali pake, akasema, "Hapa ni pa kushika. Huku ni kwa ngozi." Kijana akamwambia, "Ndivyo hivyo, mama."

Sasa fikiria, zana za hapo zimeanzia kama miaka milioni 1.2 iliyopita mpaka karibu miaka 490,000, na muda huo wote umbo ni lilelile! Halafu mambo yakabadilika. Kikosi cha mtafiti Rick Potts, ambacho kimechimba hapo na Makumbusho ya Taifa tangu 1985, kilitangaza 2018 kwamba kufikia miaka 320,000 iliyopita watu wa hapo walishaacha yale mashoka makubwa, wakawa na zana ndogo ndogo, zingine za obsidiani, lile jiwe jeusi linalong'aa kama chupa, na hilo jiwe halipatikani hapo, lilitoka kilomita 25 mpaka 95. Kwa mguu. Mimi naona hapo kuna jirani, kuna kubadilishana vitu, kuna mtu anamjua mtu ng'ambo ya bonde.

Jua lilikuwa limetupiga vibaya, maji ya chupa yameisha, na pale kila ukiangalia ni vumbi na miti ya miiba. Mama akamwuliza yule kijana, "Na hawa watu walikuwa wanateka maji wapi?"

Kijana akanyoosha mkono, akazungusha bonde lote. "Hapa tumesimama kulikuwa ziwa, mama. Huu udongo mweupe ndio ulikuwa chini ya maji."

Mama akainama akaugusa, akausugua kati ya vidole.