Nilivyopata risasi ya .22 inayopatana na mtutu wangu

Wadau wa shabaha, kila nikikutana na mtu anayeanza kupiga .22 (bunduki ya risasi ndogo yenye kipenyo cha kama inchi 0.22) lazima aniulize anunue risasi gani, na jibu langu ni lile lile, kapime kwenye bunduki yako mwenyewe, maana mitutu miwili iliyotoka kiwanda kimoja inaweza kupenda risasi tofauti kabisa. Mimi naishi Ohio, bunduki yangu ni ya bolti, yaani unaikoki kwa mkono kila risasi, kaliba .22 LR (Long Rifle, aina ya .22 ya kawaida), napiga mita 50, na hivi ndivyo nilivyopima.

Kwanza tujue tunatafuta nini. Karatasi ya ISSF (shirikisho la kimataifa la mchezo wa shabaha) ya mita 50 duara la kumi lina kipenyo cha milimita 10.4 tu, kwa hiyo risasi ikitawanyika hata kidogo pointi zinaondoka na hapo wewe hujakosea chochote. Nikanunua za bei tofauti, kuanzia zile za maboksi makubwa watu wanapigia makopo mpaka zile za mashindano ambazo boksi la risasi 50 linauma mfuko kwelikweli. Majina ya kampuni siyataji makusudi, haya ni matokeo ya mtutu wangu, wako unaweza kusema kinyume.

Nilikuwa napiga asubuhi mapema upepo ukiwa bado umelala, bunduki imekaa kwenye mifuko ya mchanga mbele na nyuma, na pembeni nimechomeka vijiti vyenye utepe, utepe ukicheza nasubiri. Halafu kuna kitu wengi wanakiruka. Hizi risasi kichwa chake ni cha madini laini ya lead na kimepakwa nta au mafuta, ukikishika kinateleza na kinakuachia utando kwenye kidole (nawa mikono kabla ya kula jamani, lead ni sumu), sasa kila kampuni ina mafuta yake na yanabaki ndani ya mtutu, kwa hiyo ukibadilisha aina piga kwanza kama kumi hivi pembeni bila kuzihesabu ili mtutu uzoee, la sivyo unapima risasi mpya juu ya mafuta ya risasi ya zamani.

Makundi yangu yote, yaani matundu yanayoachwa kwenye karatasi ukilenga sehemu moja, yalikuwa ya risasi kumi. Risasi tatu zinadanganya, aisee, zinaweza kuingia tundu moja kwa bahati tu, ukiongeza saba kundi linafunguka lote. Na aina nilizipiga kwa kuzungusha, leo hii inaanza kesho inamaliza, ili upepo ukianza kuamka usiionee aina moja tu.

Za kasi kubwa ndizo zilizonifundisha zaidi. Zinatoka mtutuni kwa mwendo unaozidi wa sauti, ambao ni kama mita 340 kwa sekunde, halafu njiani zinashuka chini yake na pale zinayumbishwa, ndiyo maana risasi nyingi za shabaha zinatengenezwa zitoke taratibu, kama mita 320 hadi 330 kwa sekunde, zisivuke kabisa. Kwenye karatasi yangu matundu ya zile za kasi yalijipanga wima kama shanga, kushoto kulia hakuna shida, shida juu na chini. Nikaweka kronografu, yaani kile kifaa cha kupima mwendo, nikakuta mwendo unapanda na kushuka ovyo ndani ya boksi moja. Piga hesabu, risasi mbili zikipishana mita 10 kwa sekunde, kwenye mita 50 moja itaangukia kama milimita 8 chini ya mwenzake, karibu duara zima la kumi hilo! Sababu moja ni kwamba kwenye .22 kemikali ya kuwasha baruti inasambazwa ndani ya ukingo wa ganda, isipokaa sawasawa pande zote moto haulingani.

Sasa bei. Ile ghali kuliko zote haikushinda, iliyoshinda ni ya katikati, makundi yake yalikuwa yanafunikwa na duara la tisa bila wasiwasi. Ila nilipoenda kununua tena jina lile lile, boksi lile lile, namba ya loti (risasi zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja kiwandani) tofauti, makundi yakapanuka waziwazi. Hapo ndipo nilipoacha kuuliza kampuni nikaanza kuuliza loti. Angalieni namba iliyopigwa kwenye boksi, andikeni pamoja na kundi lake kwenye karatasi, mkipata loti inayokubali nunueni kreti nzima kabla haijaisha dukani. Wenye uwezo, kampuni ya risasi ya Lapua wana kituo Mesa, Arizona, unapeleka bunduki yako inajaribiwa na loti mbalimbali unachagua unayoondoka nayo. Mimi nimejaza kabati loti yangu moja, na kinachofuata ni kuipeleka mita 100, kule tofauti ya mwendo inaonekana zaidi ya mara nne.