Kingamwili yangu haikufia uwanja wa ndege

Kila mtu kwenye maabara yetu alikuwa na hakika kwamba kingamwili yangu, protini ya kunasa na kuonyesha protini nyingine, imekufa. Kisanduku kililala forodhani wikendi nzima, barafu ikayeyuka, kwa hivyo mistari ilipokosa kuonekana kwenye utando, ile karatasi tunayohamishia protini za seli ili kingamwili izionyeshe, kesi ilifungwa hapo hapo. "Daktari, agiza nyingine tu," mzee wetu wa maabara akanishauri, kana kwamba elfu hamsini na kitu, kabla ya usafiri na pesa za wakala, huokotwa Gikomba.

Nilikataa. Kingamwili hizi huja ndani ya gliserini, na siku mbili tatu za joto la kawaida haziziui kirahisi hivyo. Hii yangu hutambua ERK1 na ERK2, protini mbili za kupitisha ishara ndani ya seli, zikiwa zimebandikwa fosfeti tu, kwenye asidi amino mbili: threonini ya 202 na tairosini ya 204 ukihesabu kwa ERK1 ya binadamu. Fosfeti ikibanduka, haioni kitu, hata protini iwe tele namna gani. Na protini ilikuwepo! Kingamwili nyingine, ile isiyojali fosfeti, ilinipa mistari minono ya kilodaltoni 42 na 44, uzito wa ERK zenyewe, kwenye sampuli zile zile. Mwizi basi alikuwa fosfatasi, vimeng'enya vinavyobandua fosfeti punde seli inapopasuka.

Ushauri sasa ukaanza kumiminika. Mmoja akasema nizuie utando, yaani nizibe sehemu tupu ili kingamwili isinate ovyo, kwa maziwa ya unga, eti kila mtu hutumia maziwa. Maziwa yana kasini, nayo ni protini yenye fosfeti zake, na karatasi iliyokuja na kichupa ilisema wazi BSA, albumini ya damu ya ng'ombe, ya asilimia 5. Nikajaribu kwa kumheshimu. Picha ikatoka ukungu mtupu.

Mwingine akaja na barafu: seli zipasuliwe juu ya barafu, bafa, yaani maji ya kupasulia seli, iwe barafu, sentrifuji iwe baridi. Sawa, lakini mashine yetu ya barafu ilikuwa imeharibika tangu enzi. Nikashuka City Market kwa wauza samaki, nikauziwa gunia zima kwa bei ya kuonewa huruma, nikapanda nalo matatu. Kufika Haile Selassie, maji yalikuwa yashafika viatu vya abiria wa mbele. Konda akanidai nauli ya gunia. Mama mmoja akaniuliza kilo ya tilapia ni ngapi, na nilipomwambia ni barafu ya kazi ya maabara akasonya, akageukia dirisha. Alidhani namficha bei. Baada ya mateso yote hayo, na vizuizi vya fosfatasi nikiwa nimetia, nilipata kivuli cha mstari ambacho lazima uinamishe kichwa ndipo ukione. Maabara ilinuka samaki hadi Ijumaa.

Ndipo nikajiuliza, kwa nini nawabembeleza wezi kwa baridi wakati naweza kuwachoma? Nikachemsha bafa ya sampuli, ile yenye SDS, sabuni kali. Nikafyonza chakula chote cha seli, na papo hapo nikamwaga bafa ya moto juu ya pleti na kukwangua. SDS na moto huvuruga umbo la fosfatasi kabla hazijafanya lolote. (Vitabu huandika nyuzi 95 hadi 100. Nairobi iko juu, mita 1,700 na zaidi, maji yetu huchemka kwenye 94 hivi. Inatosha kabisa.) Fanyia ndani ya chemba ya kuvuta hewa, maana mekaptoethanoli ya moto iliyomo kwenye bafa hiyo itakufukuzia jengo zima.

Hakuna aliyenionya kwamba DNA nayo hutoka yote. Sampuli ikavutika kama mrenda, pipeti ikagoma. Nikaipitisha kwenye sindano nyembamba ya duka la dawa, juu chini, mpaka ikalainika. Kupima protini kwenye bafa hiyo ni balaa, kwa hiyo panda seli idadi sawa kila pleti, kisha ulinganishe na ERK jumla, yenye fosfeti na isiyo nayo.

Seli zilizolala bila seramu, kisha zikapewa EGF, protini ya kuchochea seli kukua, dakika kumi: mistari miwili, myeusi, haina aibu. Zisizopewa: karibu patupu. Prof akasema labda ni uchafu. Nikakata utando wa sampuli ile ile vipande viwili, kimoja nikakiogesha fosfatasi ya alkali kwenye nyuzi 37. Kwenye kipande hicho mistari ikatoweka, ERK jumla ikabaki palepale. Prof akaomba nakala ya picha, na mzee wa maabara akaanza kuwaambia wageni kwamba "sisi" huwa tunatumia bafa ya moto.

Myeyusho wa kingamwili wa 1:1000 usiumwage. Mimi hutia sodiamu azaidi kidogo ya kuzuia bakteria, naweka kwenye friji na kuutumia tena na tena. Ila azaidi isikaribie kingamwili ya pili yenye HRP, kimeng'enya kinachofanya mistari ionekane, itaiua kweli, na hapo hutakuwa na forodha ya kusingizia.