Babu alichoma mawe, mimi nayalisha chokaa

Kila usiku saa tano, taa za tangi zikishazimika, pampu ndogo niliyoifunga ubavuni mwa kabati huanza kudondosha maji ya chokaa. Tone, kimya kidogo, tone. Inakwenda hivyo mpaka karibu na alfajiri. Nikirudi kazini usiku wa manane (naendesha basi, na zamu za usiku ni nyingi) hukaa kitako dakika tano nikiisikiliza kabla hata sijavua koti.

Tangi liko sebuleni kwetu, ghorofa ya chini, mashariki mwa London. Lina urefu wa sentimita 90 na linachukua lita 180. Chini yake, ndani ya kabati, kuna tangi la pili dogo lenye pampu, hita na kichujio cha povu. Ndani mna samaki wanne, kamba wawili, konokono kama ishirini, na matumbawe. Wageni wakiingia huwatazama samaki kwanza. Mimi nilianza kwa ajili ya matumbawe, na mpaka leo samaki nawaona kama wapangaji wao.

Nimezaliwa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Maji yakitoka kule yanakwenda mbali, hata mawimbi yanayopiga mwambani unayaona kama mstari mweupe tu, na baina yako na mwamba ni mchanga, mashamba ya mwani na madimbwi. Utoto wangu wote niliupitisha kwenye madimbwi yale, nimechutama, nikiangalia kiti cha pweza kinavyojigeuza kikipinduliwa.

Babu alikuwa mchoma chokaa. Mawe aliyachimba maweni, nyuma ya kijiji. Ni matumbawe ya kale, ya wakati bahari ilipokuwa imefunika pale. Ukilivunja jiwe unaona vitundu vilivyojipanga kama sega la nyuki. Alipanga magogo ya minazi kwa duara, makumbi na makuti katikati, mawe juu, akawasha. Watoto tulikatazwa kulisogelea tanuu. Likishapoa, mawe yalitoka meupe na mepesi, mepesi kiasi cha kukushangaza mkononi. Babu akiyanyunyizia maji yalikuwa yanalia, yanafuka mvuke, yanapasuka na kuwa unga. Unga huo ndio uliojenga na kupaka nyumba zetu, na kidogo chake kilikuwamo kwenye kikopo cha bibi, pamoja na popoo na majani ya tambuu. Bibi alitufundisha mapema kwamba chokaa ikizidi kwenye tambuu, ulimi utaungua.

Nimeeleza yote haya kwa sababu bila ya babu nisingelifuga matumbawe. Mwaka 2019, wakati nasoma tu kwa kupenda, nilikuta kwamba wafugaji wa huku wana maji wanayoyaita kwa neno la Kijerumani, kalkwasser. Nikatafuta maana yake. Maji ya chokaa. Nilikuwa kwenye chumba cha mapumziko cha madereva, na nakumbuka niliiweka simu chini nikakaa kimya.

Jiwe la tumbawe ni kalsiamu kaboneti. Moto wa tanuu unaitoa kaboni dioksidi iliyomo, inaondoka na moshi, na kinachobaki ni chokaa kali. Chokaa hiyo ikinywa maji inakuwa unga ule mweupe, kalsiamu haidroksaidi. Sasa unga huo huo, ukiuyeyusha ndani ya maji na kuyadondosha polepole kwenye maji ya bahari, unaikamata kaboni dioksidi iliyomo majini, na tumbawe lililo hai linachukua vyote viwili na kujijengea jiwe upya. Ile njia ya babu, ikiendelezwa mpaka unga unarudi kuwa jiwe, ndiyo inayokwenda sebuleni kwangu kila usiku.

Kabla ya kufika huko kuna kazi ya maji. Maji ya bomba ya London yana chokaa nyingi, birika letu la chai linaota magamba meupe upesi sana. Mtu angefikiri basi niyatumie vivyo hivyo. Hayafai, kwa kuwa pamoja na chokaa yana klorini, naitreti, na pengine shaba kutoka kwenye mabomba, na shaba ni sumu kwa kamba na konokono hata ikiwa kidogo sana. Kwa hiyo nayapitisha kwenye mashine inayotoa kila kitu mpaka kipimo kisome 0, halafu natia chumvi maalumu mwenyewe, kama gramu 36 kwa lita, na chokaa kwa kipimo ninachokijua. Kila Jumapili natoa lita 20 na kutia lita 20 mpya. Maji yanayokauka kwa mvuke, karibu lita tatu kwa siku, hulipwa kwa maji matamu peke yake, maana chumvi haipandi na mvuke, inabaki. Atakayetia maji ya chumvi kufidia mvuke ataliona tangi lake likigeuka shimo la chumvi.

Wiki sita za mwanzo tangi halikuwa na mnyama hata mmoja, mawe makavu tu na maji. Hapo ndipo bakteria wanapoota kwenye mawe, wale wanaogeuza amonia kuwa naitraiti na naitraiti kuwa naitreti. Hakuna cha kusimulia kuhusu wiki hizo isipokuwa kwamba lazima zipite.

Matumbawe yangu ya kwanza nilipewa na mzee mmoja wa Essex, fundi mstaafu, ambaye amefuga kwa miaka mingi. Alichukua mkasi wa chuma, akakata tawi lenye urefu wa kidole kutoka kwenye tumbawe lake, akaligandisha kwa gundi juu ya kijiwe kidogo, akanipa ndani ya mfuko wa maji. Mimi nilikuwa nimeona jambo hilo tangu utotoni: ndivyo tunavyopanda muhogo, unakata pando unachomeka. Ndivyo mama anavyopanda mwani, anavunja kijitawi anakifunga kwenye kamba. Leo karibu kila tumbawe ndani ya tangi langu ni pando la pando la mtu mwingine, na hakuna hata moja nililolitoa baharini. Samaki wangu wawili wa anemoni pia wamezaliwa kwenye matangi ya huku. Wote wawili walizaliwa madume, kisha yule mkubwa akageuka jike, kama ilivyo desturi yao.

Hapa nina neno la kusema kwa uzito. Jamaa mara mbili wameniambia watanibebea kipande kutoka nyumbani, kiwe kumbukumbu. Nimekataa mara zote mbili. Matumbawe ya mawe yote yamo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, huwezi kuyavusha mpaka bila ya kibali, na hata kama forodha wasingeona, mimi ningeona. Mwaka 1998, bahari ilipopata joto la El Niño, nilikuwa kijana wa miaka ishirini, nikienda na ngarawa ya ami yangu. Tulifika mahali tulipozoea kutupa mishipi, nikatazama chini, kila kitu kilikuwa cheupe. Nilidhani ni mchanga. Ami akasema, "Huo ni mwamba." Ndani ya nyama ya tumbawe huishi vijimea vidogo vinavyolilisha kwa nguvu ya jua, na ndivyo vinavyolipa rangi, joto likizidi kwa wiki kadhaa, tumbawe huvitoa nje, likabaki mfupa unaoonekana kupitia ngozi. Kama joto halikushuka, linakufa kwa njaa. Mimi siwezi kuutoa mwamba ule hata kipande cha ukucha.

Kwa sababu hiyo joto ndilo ninaloliogopa kuliko vyote. Tangi hukaa nyuzi 25, lina hita mbili badala ya moja, na kila moja ina kizimio chake cha pembeni, kwa sababu hita ikikwama katika kuwaka itapika kila kitu wakati wewe uko kazini. Umeme ulipopanda bei mwaka 2022 tulizungumza na mke wangu, tukapunguza mengine. Tangi tuliliacha.

Sasa ile siku mbaya. Ilikuwa Februari, mwaka wa pili. Wakati huo chokaa nilikuwa naichanganya kwenye ndoo ya lita 20, na pampu ilikuwa ikiendeshwa na boya dogo: maji yakishuka boya linashuka, pampu inawaka, maji yakipanda inazima. Konokono mmoja alipanda juu ya boya akatulia hapo. Boya likabaki chini, pampu ikaendelea, na ndoo nzima ikaingia usiku huo huo. Nilirudi saa tisa za usiku nikakuta tangi limekuwa tui. Sikuweza kuona kioo cha nyuma. Nilitia kipimo: pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali wa maji, ilikuwa 9.1 badala ya 8.2 hivi, na chumvi imeshuka kutoka gramu 35 mpaka 32 kwa kila kilo ya maji. Mikono ilikuwa ikinitetemeka. Nilikumbuka ulimi wa bibi.

Sikungoja kupambazuke, nilimpigia yule mzee. Alipokea. Aliniambia nisitie siki wala kitu chochote kikali kwa haraka, kwamba pH itashuka yenyewe kadiri maji yanavyovuta hewa, na ule weupe ni kalsiamu kaboneti iliyoganda na kuelea majini, itatua. Nichanganye maji mapya ya chumvi, nibadilishe kidogo kidogo, nisirudishe chumvi yote kwa pigo moja. Nikafanya hivyo mpaka adhuhuri. Kamba wote wawili wa kusafisha niliokuwa nao wakati ule walikufa, na wao ndio waliokuwa wakipanda mkononi kwangu na kunichokoa kucha nikitia mkono majini. Tumbawe la matawi, lile pando la kwanza la Essex, lilivuliwa nyama yote kwa siku mbili, kuanzia chini kwenda juu. Samaki walipona. Vipande vitatu vya chini, vya aina inayoota kama sahani, vilipona pia.

Nililibakisha lile tumbawe lililokufa. Lipo juu ya kabati la vitabu, jeupe, jepesi, na uzito wake mkononi ni ule ule wa mawe ya tanuu.

Tangu siku hiyo chokaa ninaichanganya kwenye chombo cha lita nne na si zaidi, kijiko kimoja cha chai, naacha itue, na pampu inaendeshwa na saa, tena kwa matone. Chochote kitakachoharibika, tangi haliwezi kupata zaidi ya lita nne. Kama umesoma mpaka hapa na unafikiria kuanza, shika hilo hata ukisahau mengine yote: chombo chako cha chokaa kiwe kidogo kiasi kwamba kikimwagika chote hakuna atakayekufa. Na jingine: yale matumbawe laini ya vifungo, mazoanthidi, baadhi yana sumu kali mno. Vaa glavu na miwani, wala usichemshe jiwe lililowahi kuwa nayo.

Chokaa naitia usiku kwa sababu gizani matumbawe hayatengenezi chakula, kaboni dioksidi inajaa majini na pH inashuka, chokaa inaizuia. Idd iliyopita tulikuwa watu kumi na wanane sebuleni, madirisha yamefungwa kwa baridi, pilau, kelele, watoto. Saa nne za usiku nikapima: pH ilikuwa 7.9 kutoka 8.2. Zilikuwa pumzi zetu. Nilimwonesha shemeji yangu, hakuamini mpaka nilipofungua dirisha na namba ikaanza kupanda. Sehemu ya pumzi zile, ikikutana na matone ya chokaa, imo ndani ya mawe sasa.

Kila usiku wa Ijumaa, kama sipo kazini, napima: ualkali digrii 8.5, kalsiamu miligramu 420 kwa lita, magnesiamu karibu 1,350. Namba hizo nazipenda zikiwa zile zile wiki baada ya wiki kuliko zikiwa nzuri leo na mbovu kesho. Vile vipande vitatu vya sahani vimeungana kuwa kitu kimoja, kipana kuliko sinia la kahawa, na ukingo wake una mstari mweupe mwembamba pale jiwe jipya linapoongezeka.

Mwezi uliopita nilimpigia mama kwa video, nikamsogezea simu kwenye kioo. Yeye bado analima mwani, ingawa ananiambia mwani siku hizi unakataa, maji ya dimbwini yanachoma miguu. Akatazama kwa muda.

"Hayo mawe yanakula, mwanangu?"

"Yanakula, mama. Ni wanyama. Usiku yanatoa vidole."

Ami alikuwa barazani. Alikuwa akimsaidia babu tanuuni, na sasa macho yake hayaoni vizuri, lakini masikio yapo. Nikasikia anauliza kwa mbali nayalisha nini. Nikasema chokaa. Kimya kikapita, nikadhani mtandao umekatika.

"Chokaa iliyokwisha kunywa maji?"

"Naam, ami. Iliyokwisha kunywa maji."

"Kiasi gani?"

"Kijiko kimoja cha chai, lita nne."

Hakunijibu mimi. Nilimsikia akimgeukia mtu mwingine pale barazani, sauti yake ikiwa ile ya kazini, ya kupimiana: "Kijiko kimoja. Lita nne."