Baki ya 66

Mwaka 1994, nikiwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa hisabati aliandika ubaoni 2147483647. Akasema atakayemletea kigawo chake, mbali na 1 na yenyewe, atampa daftari kubwa jipya. Akapangusa chaki mikononi, akatoka.

Nilikuwa nikiishi kwa shangazi, mtaa wa Ngamiani, Tanga, barabara ya 13. (Barabara za kule zina namba, nami nilijivunia kuwa yetu haigawanyiki.) Shangazi alikuwa fundi cherehani. Umeme ulipokatika tuliweka chemli katikati ya meza, yeye akishona, mimi nikigawanya. Kwa 3 ikabaki 1. Kwa 7 ikabaki 1. Kwa 11 ikabaki 1 tena, nikadhani namba inanicheza shere. Kwa 13 ikabaki 10.

Usiku wa nne, kwa 89, haikubaki kitu. Niliruka mpaka kiti kikaanguka.

"Zidisha urudi," shangazi alisema bila kuinua macho. Ndivyo alivyowakamata wauza vitambaa. Nikazidisha 24129029 kwa 89, nikapata 2147483581. Pungufu 66.

"Kwani unatafuta nini, mwanangu?"

"Nataka kujua kama ni namba tasa."

Sekondari tulisoma kwa Kiingereza. Neno hilo nilitoka nalo shule ya msingi, likaniponyoka. Shangazi alikuwa ameachwa na waume wawili kwa neno hilo hilo. Mkono wake ulisimama juu ya gurudumu la cherehani.

"Kosa lake nini?"

Nikaeleza mbio mbio kwamba haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe. Kisha, kwa kutaka kujiokoa, nikaongeza kuwa kuanzia 2 hakuna namba isiyotokana na hizo tasa. 12 ni 2 mara 2 mara 3. Hata 1994 ni 2 mara 997. Pasua yoyote uitakayo, mwisho utazikuta, na kila namba ina zake, hazibadiliki.

"Kumbe ndizo zinazozizaa nyingine zote."

"Ndiyo, shangazi."

"Na bado wakaziita tasa!" Akacheka mpaka akavua miwani. "Aliyezipa jina alikuwa mwanamume huyo."

Jumatatu mwalimu alitwambia kigawo hakipo. Namba ile ni 2 kipeo cha 31 toa 1, na Leonhard Euler alithibitisha mwaka 1772 kuwa ni tasa, naye akiwa karibu kipofu kabisa. Kwa njia yangu ningejaribu namba tasa zote mpaka 46340, nazo ni 4792. Euler alionyesha kwamba kigawo, kama kingekuwepo, kingeacha baki ya 1 au 63 kikigawanywa kwa 248. Zikabaki namba zisizofika mia nne za kujaribu. 89 yangu haikuwamo.

Nilipomsimulia shangazi, aliuliza daftari liko wapi. Sikupewa. Akakusanya karatasi zake za kukatia nguo, akazipunguza kwa mkasi, akazipitisha kwenye cherehani mshono mmoja katikati. Nililitumia mwaka mzima, nikiandika hesabu juu ya michoro ya mikono na kola.