Zawadi za Sikukuu kwa Ukili: Kumbukumbu ya Mradi Wangu

Mwisho wa Agosti

Ukindu umefika. Shangazi kaniletea kutoka Rufiji, umefungwa matita manene, umekauka vizuri na bado una ile harufu ya majani yaliyoanikwa juani. Mwaka huu nimeamua zawadi zote za Krismasi na Mwaka Mpya zitoke kwenye ukindu huu: za wakwe zangu wa Marangu kule Kilimanjaro, za majirani na za wenzangu wa kazini.

Kwa nini Agosti, wakati sikukuu ziko mbali? Sababu ni mvua za vuli. Huku Dar es Salaam zikianza Oktoba, nguo tu hazikauki, sembuse majani. Ukindu ukipata unyevu unaota koga, na koga ikishaingia inaacha madoadoa meusi ambayo hakuna rangi itakayoyaficha. Kazi ya kuchemsha na kuanika lazima iishe jua likiwa bado kali.

Kwa asiyeujua: ukindu ni majani ya mkindu, aina ya mtende mwitu unaoota kwa vishada penye majimaji, kandokando ya mito na mabonde. Mvunaji huchukua lile kuti changa la katikati kabla halijafunguka, kwa sababu ndilo laini na jeupe. Makuti yaliyokomaa yanaachwa ili mti uendelee kuchipua. Shangazi ni mkali sana kwenye hilo. Anayekata kila anachokiona, anasema, mwakani atakuja kununua kwa wenzake.

Katikati ya Septemba: kuchana na rangi

Nimeanza kuchana. Kila ujani unapasuliwa kwa urefu kwa kucha au ncha ya sindano, upate chane zenye upana mmoja. Chane moja ikiwa nene na nyingine nyembamba, ukili, yaani ule mkanda unaosukwa kwa chane hizo, unapinda njiani hata msukaji awe fundi wa namna gani. Mimi nachana za milimita 4. Kwa chane 11 za upana huo napata ukili wa karibu sentimita 3, na huo unatosha kwa karibu kila ninachotaka kushona. Kwa vitu vidogo nasuka kwa chane 7, ukili unatoka wa sentimita 2.

Rangi nimetumia tatu tu: zambarau, kijani na machungwa. Ninajua sokoni kuna vikapu vyenye rangi nane, tisa, na vina wapenzi wake. Ila mimi naona rangi zikizidi, weupe wa ukindu unapotea, na weupe huo ndio unaozifanya rangi nyingine zionekane.

Nina sufuria ya kazi hii peke yake, haipikiwi chakula kamwe. Kwanza ukindu unalowekwa maji ya kawaida, kwa sababu mkavu hunywa rangi kwa mabaka. Maji yakichemka natia rangi ya unga, nakoroga mpaka vidonge vyote viyeyuke, naongeza chumvi, ndipo nazamisha tita lililolegezwa kamba. Nageuza kwa kijiti kwa nusu saa hivi. Nikitoa nasuuza mpaka maji yatoke meupe, na naanika kivulini penye upepo, maana juani rangi mbichi hupauka upande mmoja.

Shangazi ana rangi zake za porini. Mizizi ya mdaa, ikipondwa na kuchemshwa pamoja na ukindu, hutoa kahawia nzito inayokaribia weusi. Kanipa tita moja alilolipika mwenyewe, nami nimeliweka kando kwa ajili ya kazi moja tu. Nitaieleza mbele.

Oktoba: ukili

Hapa hakuna mengi ya kuandika, kuna ya kusuka. Nasuka usiku baada ya kazi na alfajiri kabla ya kutoka. Mchana wa joto chane hukauka mkononi na kukatika, hivyo naziweka kwenye kitambaa kibichi na kuchomoa moja moja. Chane ikikaribia kuisha, nyingine inachomekwa juu yake na zinakwenda pamoja hatua kadhaa. Ncha zinazochomoza nazikata mwisho kwa mkasi mdogo.

Ukili ukiwa mrefu naukunja kama mpira wa kamba na kuandika urefu wake kwenye karatasi. Sijaamua bado mpira upi utakuwa kitu gani, nami naipenda sana hatua hii. Zawadi zote zinaanza sawa. Urefu ndio utakaosema kipi kinawezekana: kikapu kidogo cha mkate, chenye kitako cha sentimita 18 na kimo cha sentimita 15, kinakula karibu mita 4 za ukili wa sentimita 3. Kawa la kufunikia sinia dogo, lenye mdomo wa sentimita 45, linakula zaidi ya mita 8. Kitako cha kuwekea kikombe hakifiki hata mita moja.

Ninaiweka hesabu hii hapa kwa makusudi. Wengi wanaotaka kujaribu huanza kushona, halafu ukili unawaishia kikapu kikiwa nusu. Ukijua mita zako, unajua zawadi zako.

Mwanzo wa Novemba: kushona

Kikapu kinaanzia kitakoni. Unakunja ncha ya ukili kwa ndani, unauzungusha wenyewe kwa wenyewe, na unaunganisha ukingo kwa ukingo kwa sindano kubwa. Kitako kikifika upana unaoutaka, unausimamisha ukili na kuendelea kuzunguka, na ukuta unapanda wenyewe. Shangazi hushona kwa uzi wa ukindu aliousokota pajani. Mimi natumia uzi mnene wa pamba wenye rangi ya ukindu, hauonekani na haukati majani.

Vikapu vya mkate nimevisuka kwa ukindu mtupu. Chochote kitakachogusa chakula moja kwa moja sikitii rangi ya dukani, hata kama nimesuuza vipi.

Kawa ndilo linalonisisimua kuliko vyote. Linaanzia kileleni: mizunguko miwili iliyobanwa, sindano ikipita kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kitanzi cha kushikia kinaachwa hapohapo. Kisha kila mzunguko unaupa ukili nafasi kubwa kidogo tu kuliko uliopita. Ukiubana sana unapata bomba, ukiulegeza sana unapata sahani. Mkono ndio unaopima. Nimepanga mistari ya zambarau na kijani kwa zamu, na ukili mweupe katikati, kwa hiyo ukilitazama kwa juu mistari inazunguka kutoka kileleni hadi ukingoni.

Kawa moja ni la jirani yangu wa mlango wa pili. Yeye hasherehekei Krismasi, lakini kila Ramadhani hutuletea futari ya sinia zima, na kila mwaka limefunikwa kwa kitambaa. Ramadhani ijayo sinia hilo litavuka uani likiwa na kawa. La pili ni la mwenzangu wa kazini anayetoka Iringa. Mtu wa Iringa humpelekei kikapu: kwao kuna vile vikapu vya milulu vilivyosukwa kwa kubana sana, vizuri mno.

Mwisho wa Novemba: kilichomo ndani

Nimeuliza watu wangu wa karibu wanatumia nini sikukuu, na karibu wote wamejibu pilau. Basi vikapu vidogo vitakwenda na viungo vya pilau: mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga na bizari nzima, kila kimoja kwenye kifuko chake cha kitenge kilichofungwa kwa ukili mwembamba. Karafuu nimenunua za Pemba. Vikapu vingine vitabeba korosho, na huu ndio msimu wake, maana kusini wanavuna toka Oktoba.

Vipande vya kitenge nimevipata kwa fundi cherehani wa mtaani. Mabaki ya gauni moja yanatoa vifuko vitano au sita, na fundi alikuwa akiyatupa. Sasa ananiwekea kwenye mfuko wake maalumu, nami nimemsukia upepeo wa jiko la mkaa kama asante. Upepeo, kwa njia, ni zawadi nzuri kwa anayeanza kusuka: ukili mfupi, kijiti kimoja, jioni moja.

Mikoba ya sokoni ndiyo mikubwa kuliko yote. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, kila mtu anahitaji kitu cha kubebea, na mifuko mingi inayouzwa inachanika mshono baada ya muda mfupi. Mkoba wa ukili ulioshonwa vizuri unabeba viazi, nazi na ndizi miaka na miaka. Mishikio nampa fundi viatu aitengeneze kwa ngozi, ishonwe mpaka chini ya kitako ili uzito usikae kwenye ukingo wa juu peke yake. Kama unanunua mkoba, angalia hapo kwanza.

Sasa lile tita la mdaa. Nimelisukia mkoba wa mama mkwe: kahawia nzito na nyeupe, bila rangi nyingine. Kwa bitana nilinunua doti ya kanga yenye jina "Nani kama mama". Kanga moja imekuwa bitana, nimeipanga ili jina likae upande wa ndani, juu kabisa, anapofungua tu alione. Kanga ya pili itakuwemo ndani ya mkoba, imekunjwa, ya kujifunga. Mama huyu alinipokea nikiwa sijui hata kumenya ndizi za mtori, akanifundisha bila kuniaibisha mbele ya mtu. Nilitaka kitu ambacho mikono miwili ya upande wetu imekigusa, wa shangazi na wangu.

Baba mkwe anapata pama, maana kutwa yuko kihambani kwenye kahawa na migomba, na kofia yake ya sasa imebaki nusu ukingo. Kipimo kilihitaji siri. Wifi alizungushia uzi ndani ya kofia hiyo usiku, akanitumia namba kwa simu: sentimita 58. Nimeshona kwa 59, kwa sababu ukili ukipata jasho na jua hukaza kidogo.

Desemba, wiki ya kwanza

Hali ilivyo leo. Vikapu vya mkate vimekamilika, na nimevishona kwa ukubwa unaopishana ili viingie kimoja ndani ya kingine, kwa sababu basi la Moshi msimu huu linajaa mpaka chini ya viti. Viungo nitavijaza siku mbili kabla ya safari, visipoteze harufu. Pama imekaa juu ya sufuria iliyopinduliwa ili ishike umbo. Kawa la jirani limekamilika, la mwenzangu wa Iringa limebakiza mizunguko mitatu na pindo.

Mvua imenyesha tangu juzi. Vitu vyote vilivyokwisha vimening'inizwa karibu na dari ambako hewa inapita, hakuna kilicho ndani ya mfuko, na kila jioni navipitisha mkono kuona kama kuna unyevu. Mpaka sasa hakuna.

Mikoba miwili bado iko kwa fundi viatu, na ameniahidi Jumamosi. Ukili wa zambarau umebaki kama mita 3. Hautoshi kikapu, lakini unatoa vitako vitatu au vinne vya vikombe, na wifi anastahili zawadi kwa ile kazi ya usiku. Naanza navyo leo nikishakula.