Kisa cha Kilwa: nilivyoamua nini kiandikwe na nini kiachwe

Nilipoanza kuandika kisa changu cha mchezo wa kuigiza mezani, daftari la utafiti lilikuwa limeshakuwa nene kuliko kisa chenyewe. Matukio niliyaweka Kilwa Kisiwani mwaka 1331, mwaka ambao Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Moroko, alifika huko na kumkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Nilikuwa na Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea la pembe nane, juu ya genge linalotazama bahari. Nilikuwa na Msikiti Mkuu, dhahabu ya Sofala, bandari iliyo Msumbiji ya leo, na sarafu za shaba zenye jina la sultani, ambazo mojawapo ilikuja kupatikana mbali kabisa, Great Zimbabwe. Vyote nilivipenda, na vyote vilitaka nafasi.

Kwa asiyeujua mchezo huu: kila mchezaji hubeba mhusika wake, mwendesha mchezo huwaeleza wanachokiona, wao husema wanachofanya, na dadu huamua pale matokeo yanapokuwa na shaka. Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974, ndio uliouanzishia njia. Kisa ni yale maandishi anayoyashika mwendesha mchezo. Anayasoma mapema nyumbani, halafu anayachungulia tena mezani, watu wanne wakimkodolea macho na mmoja wao ameshauliza swali. Huyu mwenye sekunde chache ndiye niliyeamua kumwandikia.

Msaada mkubwa niliupata kwa kumwomba rafiki yangu aendeshe rasimu yangu huku mimi nimekaa pembeni kimya. Nilitazama anasoma nini, anaruka nini, na wapi anasita. Maelezo marefu ya chumba, yale ya kusomwa kwa sauti, yaliwapoteza wachezaji mapema sana. Walishika kitu cha mwisho walichosikia, wakakifuata hicho, hata kama hakikuwa na maana yoyote. Tangu hapo chumba nakipa sentensi tatu, na kila sentensi lazima impe mchezaji la kufanya. Birika la Husuni Kubwa sasa linasomeka hivi: “Maji ya birika yametulia. Mtumishi anafagia ngazi na hageuki mnapoingia. Kanzu ya hariri iliyolowa imetupwa ukingoni.” Mmoja atamsemesha mtumishi, mwingine ataiokota kanzu, wa tatu atachungulia majini. Historia ya matumbawe na chokaa iliyojenga kuta niliifuta. Rafiki yangu akiulizwa kuhusu kuta, atajibu mwenyewe, na jibu lake litatosha.

Hapo ndipo nilipopata kipimo ninachokitumia hadi leo. Nikifika kwenye jambo, najiuliza: mwendesha mchezo akibuni hili papo hapo, kitaharibika nini? Kama hakuna kinachoharibika, naacha. Rangi ya mlango, idadi ya vikapu sokoni, umri wa mpagazi, hayo ni yake.

Lakini yapo ambayo atayabuni vibaya bila kujua, na hayo nayaandika hata kama ni madogo. Mfano ni chakula. Mwendesha mchezo wa leo akiwakaribisha wachezaji nyumbani kwa mfanyabiashara wa Kilwa, mkono wake utaenda moja kwa moja kwenye ugali wa mahindi na pilipili, labda na muhogo. Mwaka 1331 vyote hivyo vilikuwa bado Amerika, ng’ambo ya bahari ambayo hakuna mfanyabiashara wa Kilwa aliyeijua. Kwa hiyo kuna mistari michache inayosema: wali, mtama, samaki, nazi. Hakuna Mreno vilevile, maana meli zao zitaishambulia Kilwa mwaka 1505. Karafuu za Unguja nazo ni za karne ya 19. Mistari hiyo michache inalinda kisa kizima, nami naiona ina thamani kuliko kurasa za usanifu wa majengo.

Upande mwingine nisioubania wino ni siri. Katika kisa changu, kasha la dhahabu limepotea kabla ya jahazi kuondoka na kusi kuelekea Arabuni. Aliyeliiba, amelificha wapi, nani alimwona, na atafanya nini siku ya kwanza, ya pili na ya tatu kama wachezaji hawatamzuia, yote yameandikwa hadi mwisho. Siri ikibuniwa katikati ya mchezo, dalili za mwanzo hazitalingana na ukweli wa mwisho, na wachezaji waliofikiri kwa bidii watakuwa wamedhulumiwa. Husuni Ndogo ilinifaa sana hapa. Ni boma la kuta nene jirani na jumba, na wataalamu hawajakubaliana lilijengwa kwa kazi gani. Mimi nilichagua jibu moja, nikalishikilia, nikaandika hata saa ambayo maji hujaa kiasi cha mtumbwi kupita kwenye mikoko. Mchezaji atakayeuliza habari za maji anastahili jibu la kweli.

Watu ndio walionisumbua zaidi. Wapo waandishi wanaompa kila mtu ukurasa wa maisha yake, na wapo waliofanya kinyume: katika kisa cha ngome ya mpakani cha Gary Gygax, mmoja wa waliobuni Dungeons and Dragons, mhunzi, kasisi na mkuu wa ngome hawana majina, ilhali mali zao zimeorodheshwa kwa makini. Mimi natoa jina, anachotaka, asichokubali kufanya, na tendo moja. Sultani wangu nimempa tendo alilolisimulia Ibn Battuta: fakiri kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa, naye akaingia nyumbani kwa khatibu, akazivua, akampa. Mwendesha mchezo akishasoma hilo, anajua jinsi ya kumwigiza mtu aliyeitwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, hata wachezaji wakimwomba jambo ambalo sikulifikiria kamwe.

Kilibaki kitu kimoja ambacho kipimo changu kilitaka kukitupa na moyo ukakataa. Sarafu za Kilwa zilikuwa na jina la sultani upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zilipatana vina kama mishororo ya shairi. Nilikitafutia kazi badala ya kukifuta. Sasa mwizi analipa wapagazi wake kwa sarafu bandia, na aliyezitengeneza hakujua Kiarabu vya kutosha: vina havipatani. Karatasi ya mwendesha mchezo inasema hivyo tu, pamoja na majina ya watu watatu mjini wanaoweza kuzisoma, na kila mmoja anataka nini ili asome.