Mwaka Jana Pia Tulipiga

Usaili wa uraia wa Marekani nimepita Jumanne, alhamdulillahi, na hongera zenu zote nimezisoma. Linaloninyima usingizi ni jingine: maneno ya yule dada wa Eldoret, Alhamisi, mbele ya ubao wa ratiba.

Wa siku nyingi hapa mnaijua ile siku ya kuchagua. Kila mwaka nyumba ya wazee ninakofanya kazi hutupa siku moja yenye malipo ya mara moja na nusu, na sisi wahudumu wa ghorofa ndio tunaoichagua kwa kura. Mimi na kijana wa Kisomali huandika Idd. Wengine wote huandika Ijumaa ile ya baada ya Thanksgiving, sikukuu yao ya kushukuru. Nikamwuliza dada, nusu utani, mbona Idd haijawahi hata kukaribia.

"Mama Salma, si tumepiga kura? Kila mtu na yake moja."

"Na mwaka jana?"

"Mwaka jana pia tulipiga."

Akaendelea kufunga kamba za viatu. Hakuwa na ubaya wowote, na hapo ndipo panaponichoma. Nimeyarudia maneno hayo ndani ya basi, nikikunja mashuka, mpaka kwenye sala, Mungu anisamehe. Natafuta jibu ambalo lingemfanya angalau ainue kichwa.

Salma, aliyejitia kusoma siasa chuoni, anasema swali langu ni kuukuu. Mwaka 1787 James Madison, mmoja wa waliotunga Katiba ya Marekani, aliandika kwamba hata wengi wanaweza kuwa genge la kuwaonea wenzao. Dawa yake ilikuwa nchi kubwa yenye maslahi mengi, ambamo leo mkulima yuko pamoja na mfanyabiashara, kesho wamepingana, basi hakuna anayeshinda siku zote. Nikamwambia, ghorofa yetu si kubwa hivyo. Akacheka, akanitajia Lani Guinier, mwanasheria mweusi aliyeuliza: na wengi wakiwa ni wale wale kila mara? Kwake yeye, kupata asilimia 51 hakukuwa ruhusa ya kubeba madaraka yote. Mwaka 1993 Bill Clinton alimteua kuongoza kitengo cha haki za kiraia katika Wizara ya Sheria. Kelele zilipozidi, rais akaliondoa jina lake, mama wa watu hata hajapata nafasi ya kujieleza mbele ya Seneti.

Usiku ule nililala mshindi. Asubuhi binti yangu akaniharibia. Akanisomea habari za John Calhoun, mwanasiasa wa zamani wa South Carolina, naye mtetezi wa wachache, ila wachache wenyewe ni mabwana wa watumwa. Alitaka wawe na uwezo wa kuzuia sheria yoyote isiyowapendeza. Na mwaka 1964 maseneta wa Kusini waliikwamisha Sheria ya Haki za Kiraia, ya kukataza ubaguzi, kwa hotuba zisizokwisha, mpaka mjadala ulipofungwa kwa kura 71 dhidi ya 29. Nao walikuwa wachache! Kwenye usaili mimi nilijibu mbio mbio kwamba maseneta ni 100. Hakuna aliyeniuliza kwa nini Wyoming, yenye watu wasiofika 600,000, inatoa wawili sawa na California yenye milioni 39.

Sitaki kufanana na Calhoun kwa ajili ya Idd. Lakini yeye alitaka kufunga mlango. Mimi Ijumaa yao siigusi, nataka zamu.

Jana, nikimnyoa mzee wa chumba cha kona, nikamsimulia. Akaniambia kumbe Illinois yetu hii ilikuwa na utaratibu wake. Chini ya Katiba ya 1870 kila jimbo la uchaguzi lilipeleka wajumbe watatu kwenye Baraza la Wawakilishi la Illinois, kule Springfield, na mpiga kura alikuwa na kura tatu za baraza hilo: azigawe, au azimimine zote kwa mtu mmoja. Yeye alikuwa Republican katika mtaa wa Chicago uliojaa Democrat, basi alizimimina. "Wao wanachukua wawili, wetu mmoja anakwenda," akasema, povu limemjaa mdomoni. Nikauliza kwa nini hayo yaliisha. Akasema 1980 wananchi waliyafuta wenyewe, kwa kura, na viti vikapunguzwa kutoka 177 hadi 118. Wengi wape! Tulicheka hadi nikaogopa wembe.

Basi nimeandika pendekezo: tuchague siku za miaka mitatu kwa mpigo, kila mtu karatasi tatu. Wenzetu wakizimimina zote kwenye Ijumaa yao, sita zetu zinatosha kushika mwaka wa pili. Nikampigia kijana wa Kisomali kumpa habari njema. Akauliza, "Idd ipi, mama, ya Ramadhani au ya kuchinja?" Mimi nataka ya Ramadhani, yeye ya kuchinja. Tuko wawili.

Halafu kuna ukuta. Kaka anasema ukuta wa nyuma wa nyumba ya Mama, Ngamiani, Tanga, umepata ufa, na vuli ndiyo hiyo. Fundi ameshataja bei. Nimeomba picha tangu juzi na bado sijaiona, na Mama analala chumba cha upande uleule.